Vikombe Ndani ya Sanduku

Siku fundi alipopigilia bati la mwisho, alishuka ngazi, akanawa mikono, akanipa hongera na kuondoka zake. Nikabaki peke yangu katikati ya ukumbi. Nyumba ilikuwa imekwisha. Vyumba vitatu, Temeke, matofali ya saruji, bati juu, na mwenye nyumba ni mimi, mwanamke wa kiwandani niliyekuwa naambiwa na kila mtu kwamba najisumbua bure. Nilitegemea nitalia, au nitapiga vigelegele. Badala yake nikachukua ufagio. Nilipomaliza kufagia nikaanza kutazama kuta, natafuta kasoro.

Sijui kama wenye nyumba za urithi wanaelewa. Kabla ya hapo nilikuwa nimehamishwa vyumba saba. Mahali pengine mwenye nyumba alikuwa anamwoza binti yake, pengine mke wake hakupenda sura yangu, na pengine sikuambiwa sababu. Nilikuwa nabeba godoro kichwani mchana kweupe, watoto wa mtaa wananitazama, nami nikitembea kama naenda harusini. Nikajiwekea kanuni: vikombe na sahani havitoki sandukuni. Kila kimoja kimefungwa kwenye karatasi ya gazeti, sanduku la bati liko chini ya kitanda, na juu nabaki na kikombe kimoja na sahani moja. Mtu akiniambia nihame, nusu saa nimeshaondoka. Nilijivunia sana kanuni hiyo.

Nikaapa kwamba nitajenga, na nikishajenga nitamleta mama. Mama alikuwa kwetu kusini. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, nyumba yake ilibaki nyuma ikaliwa na mchwa, naye akawa analala jikoni kwa mjomba wangu. Kila tofali nililotandika lilikuwa lake. Zamu ya usiku kiwandani, foleni ya saruji, kibali cha bati, safari za kwenda ofisini nikaambiwa njoo kesho, yote nilivumilia kwa sababu hiyo. Nyumba ilipokwisha nikampelekea salamu kupitia dereva wa basi, na mama akaja kiangazi kile kile, na furushi moja, kikapu cha korosho na unga wa muhogo.

Nilimzungusha nyumba nzima. Akagusa kuta, akafungua madirisha na kuyafunga. Nikamwonyesha chumba chake, kitanda kipya cha kamba, shuka jipya nililopata kiwandani. Akasema, "Mungu akuzidishie, mwanangu." Kisha akaweka furushi juu ya kitanda na kwenda kuuliza maji yako wapi.

Furushi lile halikufunguliwa. Kila asubuhi alichomoa kanga aliyoihitaji, akakaza tena fundo. Nililiona, lakini sikuwa na nafasi ya kulifikiria. Nikirudi kazini nilikuwa napaka chokaa upya ukuta uliokwisha kupakwa. Nilichimba mtaro ambao maji hayakuuhitaji. Nilipima uwani kwa hatua, nikifikiria chumba cha nne. Mama akiniita tule, nilikula nimesimama. Akinianzishia habari za nyumbani, nani kaoa, nani kafa, nilikuwa naitikia "enhe, enhe" macho yangu yako kwenye kenchi za paa. Kusema kweli nilikuwa naogopa. Kwa miaka nilijua kila asubuhi ninaamkia nini, na sasa nilikuwa naamka moyo unakwenda mbio kama nimechelewa mahali, nami sina mahali pa kwenda.

Siku moja mama aliniuliza sahani za akiba ziko wapi. Nikamwambia atazame sandukuni. Baada ya muda akanijia uwani, ameshika kikombe cha bati ndani ya gazeti lililokwisha kuwa la njano.

"Unahamia wapi?" akauliza.

Nikacheka. "Sihami, mama. Nimevipumzisha tu."

"Vikombe havichoki," akasema, na kurudi ndani.

Dawa ya mahangaiko yangu niliiona mwenyewe: nijenge nyingine. Nilikuwa nimesikia kuna mzee Mbagala anayetaka kuuza shamba. Siku hizo ardhi yenyewe haikuwa bidhaa, ulikuwa unanunua miti iliyosimama juu yake, na yeye alikuwa na mikorosho. Jumapili nikamchukua mama tukaenda, sehemu kubwa kwa miguu. Njiani niliongea bila kunyamaza. Hapa nitaweka msingi, hapa kisima, nyumba kubwa kuliko ile. Kwa mara ya kwanza tangu bati la mwisho, nilikuwa na furaha.

Mzee alituonyesha miti yake mmoja mmoja. Mama akamwamkia kwa adabu, akamwuliza, "Na wewe ukishauza, utakaa wapi?"

"Nitakwenda kwa mwanangu, mjini."

"Mwanao anakaa?"

Mzee hakuelewa swali. Mimi nililielewa, nikamkata mama jicho. Nikamwahidi mzee kwamba Jumapili inayofuata nitaleta jibu.

Tuliporudi, mama alivua ndala mlangoni na kusema bila kupandisha sauti, "Jumamosi narudi nyumbani."

Damu ilinichemka. "Nyumbani wapi? Jikoni kwa mjomba? Nyumba hii nimeijenga kwa ajili yako! Nimekosa usingizi, nimekosa kula, nimetukanwa na makarani, leo unaniambia unarudi?"

Alisubiri nimalize. "Lori lilipokuja kutuhamisha," akasema, "sikuwa nimefunga hata kijiko. Vikombe vyangu vilikuwa vinaning'inia ukutani. Nililia sana siku ile. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekaa pale. Wewe hapa hakuna anayekuhamisha, na bado hujakaa. Mie nimeshahamishwa mara moja, nimezeeka. Siwezi kulala kwenye nyumba ambayo mwenyewe yuko njiani."

Nilisonya. Nilimsonya mama yangu mzazi, na mpaka leo naona aibu. Nikaingia chumbani, nikalivuta sanduku kwa hasira mpaka sakafu ikachubuka. Nikaanza kuchana magazeti. Vikombe kumi na viwili, vya rangi ya maziwa, ukingo wa buluu. Vingine sikuwa nimeviona tangu nilipovinunua. Nikavikumbatia vyote kifuani, nikatoka navyo ukumbini ili nimwonyeshe mama kwamba nimekaa, na nikasimama pale.

Hapakuwa na mahali pa kuviweka. Nilizunguka vyumba vyote vitatu navyo. Hapakuwa na rafu wala kabati. Katika nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, niliyojua kila ufa wake, hapakuwa na msumari mmoja ukutani. Nilijenga pa kufikia, sikuwa nimefikiria pa kukaa. Nikakaa sakafuni na vikombe mapajani, nikalia kwa sauti. Mama hakuja kunibembeleza. Alikuwa anachambua mchele.

Kesho yake na siku zilizofuata nilipigilia ukutani misumari ya bati iliyobaki baada ya kuezeka. Ilikuwa mirefu mno, mingine ilikwenda upande, chokaa ikadondoka. Nilivitundika vikombe vyote kumi na viwili. Mama alivitazama, na furushi lake likabaki na fundo. Sikuthubutu kumwuliza. Ijumaa nilimwomba msimamizi ruhusa ya kesho yake, nikamwambia namsindikiza mzazi kwenye basi.

Jumamosi asubuhi nilimkuta amekwisha kuvaa, furushi liko miguuni kwake, amesimama mbele ya ukuta wa vikombe. Nikainama nilichukue nimbebee. Akanizuia kwa mguu.

Akachuchumaa, akafungua fundo mwenyewe. Kutoka katikati ya kanga zake akatoa kikombe cha bati, kimebanduka rangi, mshikio wake umefungwa waya. Nilikijua. Nilikinywea uji utotoni.

"Misumari yako iko juu," akasema. "Mie mfupi. Nipigilie mmoja hapa chini."

Nikaleta nyundo. Msumari ukaingia mshazari, ukapinda na kipande cha chokaa kikaanguka. Nikageuza nyundo niung'oe, niupigilie upya vizuri, ikiwezekana nizibe na lile tundu. Mama akanishika kifundo cha mkono.

"Acha hivyo hivyo," akasema. "Kaa."

Akatundika kikombe chake. Kiliegemea upande mmoja, lakini hakikuanguka. Nikaweka nyundo chini, nikakaa, naye akaenda kuwasha moto wa chai.