Mbwa wetu Posta na ukuta wa Bot Chelangat: jinsi nilivyokomesha kuchimba

Wakuu wa bweni letu, hamjambo.

Daftari hili limezunguka vitanda vyote na leo limetua kwangu. Najua mnashangaa. Mimi ndiye yule ambaye kwa dibeti akiitwa husimama, hutoa jasho, hukaa.

Lakini kalamu hainitazami usoni. Nitaandika yaliyonipata likizo iliyopita, bila chumvi. Mkipata uongo humu, nipewe zamu ya choo mpaka muhula uishe.

Baba yangu ni karani wa kupima majani ya chai kwenye shamba moja upande wa Roret. Kwetu ni ziwani. Kampuni ina nyumba zake za wafanyakazi, zile za mstari mmoja ziitwazo "laini", lakini kule mbwa haruhusiwi. Kwa hiyo tulipanga vyumba viwili vya udongo kwa mama mmoja Mkipsigis. Binti yake ni Chelangat, basi sisi humwita Bot Chelangat, yaani Mama Chelangat.

Mbwa ni Posta. Alimfuata tarishi hadi kwetu. Tarishi akaenda zake, yeye akabaki. Nilipougua malaria hakutoka mlangoni mpaka nikaweza kuketi. Sitaeleza zaidi, mtanicheka.

Sasa sikieni.

Siku ya pili ya likizo nikakuta Posta amechimba ukuta wa nje, chini, shimo la kuingia kichwa. Bot Chelangat akaja, akasimama, mikono kiunoni.

"Mtoto wa karani, hii nyumba ni ya watu au ya nguchiro?"

Nikatazama miguu yangu.

"Wageni wa koito wanakuja baada ya majuma mawili kumposa Chelangat wangu. Wataketi hapa, wakitazama ukuta huu. Wakikuta shimo, watasema binti wa boma hili hajui kukandika. Ziba. Ukichimbwa tena, mbwa aende au mwende nyote."

Nyote maana yake ni laini. Na laini maana yake ni bila Posta.

Nikaamua: huyu mbwa haendi mahali.

Shida ni kwamba mama alikuwa ziwani akimuuguza nyanya. Nyumbani tulikuwa wanaume wawili, na kukandika ni kazi ya akina mama. Nikachimba udongo nikaukanyaga. Maji je? Mto uko chini kabisa, kupanda na debe kichwani shingo inaingia kifuani.

Nikakumbuka ndoo ya jikoni. Mama alikuwa ametutumia gunia la samaki wakavu kwa gari la moshi hadi Fort Ternan, na baba huwaloweka kila asubuhi. Maji yale humwagwa bure. Nikasema, kwa nini yapotee? Nikakandia udongo. Nikajiona mhandisi.

Wale mnaocheka tayari, ngojeni.

Kesho yake shimo lilikuwa kubwa mara mbili. Nikaziba tena, nikaongeza udongo, nikaongeza maji yale yale. Akachimba tena. Nikaweka miiba, akaivuta kwa meno. Nikapaka pilipili, akapiga chafya, akaendelea. Nikamfunga kamba, akaikata. Kila nikiziba, anachimba kwa bidii zaidi, kama mtu aliyeahidiwa kitu.

Baba akaona. Baba hana maneno mengi, ni kama mimi.

"Mwenye mkokoteni wa ng'ombe anashuka Fort Ternan Ijumaa. Nimemwambia atamchukua."

Koito ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nilizunguka ua wa Bot Chelangat mara tatu nikitafuta ulimi. Mara ya nne akaniita mwenyewe. "Wewe, utamaliza nyasi zangu kwa miguu. Sema."

Nikasema. Sijui nilisemaje, lakini neno la mwisho lilikuwa "nifundishe."

Akaja hadi ukutani. Akainama. Akamega udongo wangu, akaunusa. Akaninyooshea nami ninuse.

"Ulikanda na maji gani?"

Nikamwambia.

Wakuu, yule mama alicheka mpaka akaketi chini. "Mbwa hana makosa! Umemjengea chakula cha jioni, halafu unamfunga kwa kula!"

Tulikwangua udongo wote wa samaki, hata ule mkavu wa ndani. Nikashuka mtoni mara tano. Akanionyesha kipimo cha mavi mabichi ya ng'ombe, udongo, na jivu, kisha akakunja mikono. "Mkono ni wako. Mbwa ni wako." Nikakandika mwenyewe, kiganja kikienda kama mwezi mchanga, rudi, tena.

Wanawake wanaotoka mtoni wakasimama kutazama. "Karani ameoa! Bibi arusi, pole na kazi!" Masikio yaliniwaka. Sikuacha.

Halafu nikafanya langu. Nikachimba shimo nyuma ya mgomba, mbali na nyumba, nikafukia mfupa, na kila asubuhi nikamwaga maji ya samaki pale. Jumatano Posta akahamia kule. Alhamisi ukuta mzima. Ijumaa baba akatoka, akaupapasa, akaenda kumwambia mwenye mkokoteni apite tu.

Jumamosi wageni wakaketi. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala. Posta akapita katikati yao, akanusa ukuta. Akainua mkia, akaenda kwa mgomba wake.

Ndipo mzee mmoja wa wageni akapitisha kiganja ukutani, akauliza, "Huyu aliyekandika hapa, naye ameshaposwa?"

Bot Chelangat alishika nguzo asianguke. "Bado yuko shule," akasema.

Nilichojifunza: kabla ya kumfunga mbwa, jiulize wewe umeweka nini pale. Mpe mahali pake pa kuchimba. Na kama hujui kazi, muulize anayejua, hata ulimi ukiwa mzito kama wangu.

Nafasi ya kuandika maoni iko hapo chini. Aliyefugia mbwa, paka au mbuzi nyumba ya watu, atupe yake. Lakini atakayeniita bibi arusi akumbuke daftari hili litarudi kwangu, nami nimeona mengi bwenini nikiwa kimya.