Hereni Moja Chini ya Bereti

Kuna aibu ambazo mtu anaweza kuzificha, akazeeka nazo na hakuna atakayejua. Yangu siwezi, kwa sababu nusu ya Eldoret ilikuwa uwanjani ikinitazama, na mpaka leo nikienda sokoni kununua mboga za managu kuna mama mmoja wa mtaa wa Huruma ambaye akiniona tu anainua kitambaa chake mara tatu hewani, kisha anacheka mpaka anashika meza. Kwa hivyo heri niwasimulie mwenyewe, maana hizo mnazosikia zimetiwa chumvi (eti nilianguka, mimi sikuanguka, ningeanguka ningeshukuru kwa sababu ningepata mahali pa kuficha uso).

Ilikuwa miaka ile ya chama kimoja, watoto wakinywa maziwa shuleni na kila hotuba ikiishia kwa wito wa kufuata nyayo, na mimi nilikuwa mwanajeshi wa kikosi cha wanawake katika kambi moja nje ya mji. Tulikuwa wachache, bweni moja tu, na tulikuwa na shida ambayo wanaume waliiona mchezo: hereni. Ukivaa yunifomu hakuna hereni, na hata ukitoka kambini siku ya mapumziko unatoka na yunifomu, kwa hivyo hesabu yake ni kwamba huvai kamwe, na tundu la sikio usipoliwekea kitu linaziba. Rafiki yangu Wanjiru, msichana wa Ainabkoi, alikuwa ametobolewa, matundu yakaziba, akatobolewa tena, yakaziba tena, mpaka akawa anasema masikio yake yamechoka na serikali.

Basi tukakubaliana tumwombe Meja, mkubwa wa kambi, ruhusa ya hereni siku za mapumziko, na wakanichagua mimi nikaseme kwa sababu eti nina mdomo. Nikaenda. Meja alikuwa mtu mpole wa maneno machache, na wapole ndio wa kuogopwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na ikikwama kwa kitu?"

Nikamjibu kwa kifua, "Afande, hereni ndogo haiwezi kukwama popote."

(Hilo neno liwekeni mahali, tutalirudia.)

Akasema, "Nitawapa jibu baada ya sikukuu. Lakini nikiona sikio moja liko na kitu kabla sijaamua, mambo imekwisha. Kwenu wote." Tulitoka pale tukijiona tumeshashinda, na kila msichana bwenini akaanza kusema atanunua za aina gani.

Sasa sikukuu hiyo ya taifa, ambayo tungepiga gwaride mjini, ilikuwa Jumatatu, na Jumamosi yake nilikuwa nimepewa ruhusa niende Cheptiret, kwa akina Kibet, mwalimu aliyekuwa ananichumbia. Kibet alilelewa na nyanya yake, ambaye sote tulimwita Kogo, mama mkongwe mwenye masikio marefu ya zamani, yale ya matundu makubwa, ambayo akikamua ng'ombe aliyapandisha akayakunja juu ya sikio yasimsumbue. Kogo aliniangalia uso, akaniangalia miguu, akafika kwa masikio akasimama hapo.

"Huyu ni msichana ama ni askari?"

"Ni vyote viwili, Kogo," nikasema.

"Basi leo kaa hapa kama msichana."

Nikakalishwa kwenye kigoda, sindano ikachemshwa kwenye sufuria ya chai (chai yenyewe ikanywewa baadaye, na mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni), na kabla sijamaliza kusema habari ya Meja nilikuwa na pete mbili za shaba masikioni, alizozikunja mwenyewe kwa waya, ncha yake imepinda kama ndoana. Kogo akaniambia nisizitoe mpaka kidonda kipone, na kwamba yeye siku ya harusi hatasindikiza masikio yaliyoziba. Ningemwambiaje hapana? Kibet alikuwa hana mzazi mwingine. Nikajiambia nitazitoa nikifika kambini, Kogo hatajua, na Meja hataona.

Jumapili jioni, kambini, pete ya kushoto ilitoka, kwa machozi lakini ilitoka. Ya kulia sikio lilikuwa limefura likaimeza. Wanjiru alijaribu kwa mafuta ya kupikia, akajaribu kwa sabuni, nikapiga mayowe mpaka wenzetu wakatuambia tunyamaze, na hapo ndipo aliposema maneno ambayo mpaka kesho anakana kuyasema: "Wacha hiyo. Si bereti inalalia upande wa kulia? Nani ataona?"

Na kweli bereti huvutwa kulia, inafunika sikio lote. Nikaona Mungu mwenyewe ndiye aliyeshona zile kofia. Nikaiacha.

Niwaambie kitu kuhusu mazoezi yetu ya gwaride. Sajini wetu, Mueni, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamsha mji, hakutaka bereti zetu ziingie vumbi kabla ya siku yenyewe, kwa hivyo kila tukifika mwisho alisema tu, "Hapa mtavua kofia, mtampigia Rais hurei tatu, mtavaa, tuendelee." Tukaendelea. Kwa wiki nzima hatukuvua kofia hata mara moja, na kichwani mwangu kuvua kofia kukabaki maneno ya kupita tu.

Siku ikafika. Uwanja ulijaa mpaka watoto wako juu ya miti, na akina mama wa Cheptiret walikuwa wameletwa na lori la ushirika, Kogo akiwa mbele kabisa, kwenye kamba. Tulipita mbele ya jukwaa kwa hatua moja, viatu vinalia kwa pamoja, na watu wakatushangilia sisi kuliko wanaume (wanaume watakataa, msiwasikilize). Nilikuwa mstari wa kwanza na nilikuwa na furaha ambayo nikiikumbuka bado inanipasha moyo. Halafu Disii, mkuu wa wilaya, na kofia yake nyeupe ya utawala, akasoma hotuba ya Rais kwa Kiingereza, kisha akaisoma kwa Kiswahili, jua likatuwakia, na mimi nikawa nawaza harusi.

"Gwaride. Kofia, vua," kamanda wa gwaride akaamuru.

Hapo ndipo nilipolikumbuka sikio. Mkono ukaenda wenyewe, ukashika bereti, ukavuta, na sikio likaja nayo. Ile ncha ya shaba ilikuwa imeingia ndani ya sufu ya bereti ikajifunga huko.

"Hip hip hip," na bereti zote zikapanda juu, mikono imenyooka, hurei. Yangu ilifika usawa wa sikio ikakoma. Nikainuka kwa vidole vya miguu, nikalaza kichwa, angalau ionekane kama inapanda.

"Inua juu," Wanjiru akaninong'oneza.

"Siwezi, imekwama."

Wanjiru akaanza kucheka kile kicheko cha kijeshi ambacho uso hausogei, mabega tu, na kikapita mstari mzima kutoka bega hadi bega. Hurei ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Na ya tatu, kwa akili zangu mwenyewe, bila kushauriwa na mtu, nikaamua kwamba la muhimu ni mkono unyooke. Nikaiachilia bereti, nikanyoosha mkono mtupu juu kabisa, hurei, na bereti ikabaki inaning'inia sikioni mbele ya Disii, mbele ya Meja, mbele ya kwaya za shule zote za wilaya.

Kisha nikasikia sauti ninayoijua ikisema, "Hiyo ni shaba yangu."

Kogo alipita chini ya kamba. Askari mmoja akamwambia, "Mama, rudi nyuma," naye akamjibu, "Nyamaza wewe, mtoto wangu anaumia," akaja uwanjani na bakora yake taratibu, hana haraka na mtu, mpaka akasimama mbele yangu, kichwa chake kinanifika begani.

"Inama."

"Kogo, siwezi. Sijaamriwa," nikasema bila kusogeza midomo.

"Nani anaamuru?"

Nikatazama jukwaani kwa macho tu. Kogo akageuka, akaliambia jukwaa lote, Disii akiwemo, "Nyinyi wazee, mwambieni huyu mtoto ainame."

Meja akasimama. Kwa ile sauti yake ya chini ambayo siku hiyo ilisikika mpaka kwenye miti, akasema, "Jerotich. Inama."

Nikainama. Kogo akalowesha vidole kwa mate, akaizungusha shaba, ikatoka kwenye bereti kama mchezo, akaikung'uta bereti vumbi, akanivisha kichwani vizuri kabisa, kwa upendo, akaivutia upande wa kushoto. Sasa lile sikio la kulia lote liko nje, limefura, jekundu, na shaba inang'aa juani kuelekea jukwaani. Akina mama wa Cheptiret wakapiga vigelegele wakidhani ndiyo sehemu ya sherehe. Disii alicheka mpaka kofia ikamfunika macho, na bendi, kwa kukosa la kufanya, ikaanza kupiga.

Kwenye lori la kurudi kambini mimi sikucheka. Nililia. Kuchekwa na mji ningekuvumilia, ila nilikuwa nimewapotezea wenzangu kitu walichokitaka kwa miaka, na hakuna aliyenilaumu, jambo lililoniuma zaidi. Sajini Mueni, ambaye siku zote tulidhani ndiye adui mkubwa wa hereni, akaja akaketi karibu yangu, akavua bereti, akanigeuzia sikio. Kwenye ndewe kulikuwa na kitu kidogo cheusi nilichokuwa nimekiona siku zote nikidhani ni baka.

"Kijiti cha ufagio," akasema. "Unakata fupi, unapaka mafuta, tundu haizibi na hakuna afande anaona. Mimi niko nacho tangu nikiwa kuruti. Ulipata mdomo ya kuongea na Meja, ukakosa mdomo ya kuniuliza mimi?"

Asubuhi Meja akaniita. Nikasimama wima, bereti kwapani, sikio limefungwa bandeji.

"Jerotich, hereni ndogo inaweza kukwama?"

"Ndiyo, afande."

"Wapi?"

"Kwa bereti, afande."

"Wakati gani?"

"Wakati wa hurei, afande."

Akageuka kuangalia dirishani, akakaa hivyo muda, nami nikajua nimekwisha, mpaka nilipoona mabega yake yanafanya kama ya Wanjiru. Alipogeuka alikuwa amejikaza. "Nilisema nikiona kitu kwa sikio, mambo imekwisha. Sasa nimeona, na wilaya nzima imeona." Akaketi. "Yule mama alikuja kwangu baada ya gwaride. Akaniuliza kama mimi mama yangu alikuwa na masikio. Nikamwambia alikuwa nayo, marefu kama yake. Sikuwa nimeyakumbuka siku nyingi."

Jioni hiyo Sajini Mueni akatusomea amri mbele ya kambi nzima: hereni ya kitone, ile inayokaa kwenye ndewe bila kuning'inia, ruhusa siku za mapumziko, ya kuning'inia, hapana, kwenye gwaride, hakuna kabisa. "Na anayetaka kujua sababu," akamalizia, "amuulize Jerotich." Wasichana walinibeba juu juu mpaka bwenini, na mmoja akanigonga lile sikio kwa furaha, nikapiga mayowe mengine.

Harusi ilifanyika Cheptiret. Kogo alinisindikiza, masikio yangu yote mawili yana shaba, amesimama wima kuliko mimi. Wanjiru alivaa vitone vyekundu. Tulipotoka kanisani wenzangu wa kambini walikuwa wamejipanga pande mbili, na Meja naye alikuwepo, akaita, "Hip hip hip." Wakavua bereti wote, wakainua, na kila mmoja akaisimamisha usawa wa sikio la kulia, akainuka kwa vidole vya miguu, akalaza kichwa. Hurei tatu hivyo hivyo. Kibet alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi na suti yake mpya.

Tangu siku hiyo nimeapa, na kiapo hiki nimekishika: sivai kitu kichwani, iwe kofia, iwe kitambaa, iwe hata mfuko wa karatasi mvua ikininyeshea, kabla sijagusa kwanza masikio yangu, la kushoto, kisha la kulia.