Jembe la Ijumaa Kuu

Nilipokuwa mtoto kule Butembo, Ijumaa Kuu ilikuwa siku ya kuogopa udongo. Koko, mama mzaa mama yangu, aliyasukuma majembe yote chini ya kitanda tangu jana yake.

"Leo hapana kutia jembe mu udongo," alisema. "Bwana iko ndani. Ukimuumiza, utapoteza mutu wako."

Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa ameenda Kyavinyonge, kando ya ziwa, kununua samaki wa biashara, akaahidi kurudi kwa Pasaka. Wiki sita zilikuwa zimepita. Nilitaka akute viazi vipya vya shamba letu, avifurahie, asiondoke tena. Ndivyo nilivyofikiri, kwa akili zangu za kitoto.

Koko alipokwenda kanisani kwa Njia ya Msalaba, nilichungulia kwa jirani yetu, Mama Zaina, Mwislamu, mke wa dereva wa lori. Nikamkuta analima maharagwe! Nikamuuliza kama haogopi.

"Ijumaa ni siku ya kukusanyika kusali," alijibu akicheka. "Jina lenyewe ni la kwetu, ninyi muliazima tu. Sisi tukimaliza kusali, kila mutu anarudia kazi yake."

Basi nikajiona mwerevu. Kama jina la siku lilitoka msikitini, mwiko wa Koko uliingiaje humo? Nikalivuta jembe, nikachimba kikapu kizima cha viazi.

Pasaka ilifika, Mama hakufika. Nilikaa kando ya barabara nikihesabu magari yaliyotoka upande wa ziwa, hadi viazi vikapoa chunguni. Jioni nikamwambia Koko kila kitu, nikilia. Alinifuta machozi. Kisha akasema, "Leta rozari, tusali." Afadhali angenichapa.

Mama hakurudi kamwe, na mimi nilijua nani amempoteza. Shuleni niliwakwepa watoto walioletwa na mama zao. Sikuwa na wa kumwambia, maana aliyejua ni Koko tu, naye hakuligusa tena jambo hilo, isipokuwa kila Ijumaa Kuu tulipopiga magoti pamoja.

Nilipokaribia kuolewa na kuhamia Beni, aliniita, akanikalisha karibu yake.

"Mama yako alituma habari mbele ya Pasaka ile kufika. Aliolewa kule kwa ziwa. Alisema hatarudia huku kwetu."

"Na ukaniacha niamini ni jembe?"

"Ulikuwa mutoto. Kwa kosa ya jembe tulikuwa na rozari. Kwa ile ingine, ningekupatia nini?"

Nilimkasirikia mwaka mzima, wala sikuficha. Siku hizi binti yangu ana miaka tisa, mwepesi wa kucheka, mwepesi wa kulia. Nimejaribu mara nyingi moyoni kumwambia mtoto wa umri huo kwamba mama yake hamtaki, na maneno hayaji. Nami ningetafuta jembe la kusingizia.