Mama Aliyebaki Hai kwa Ajili ya Mtihani

Jumanne asubuhi, ndani ya basi la kutoka Etobicoke, kitongoji tunakoishi hapa ughaibuni, wasichana wawili Wakenya walikaa mbele yangu. Mmoja alikuwa akienda kufanya mtihani wa Kiingereza kwa mara ya tatu. Asipofaulu, chuo kikuu hakingempokea kusomea uuguzi. Alikuwa amefumba macho, akikariri kwa Kiingereza jibu la swali kuhusu mtu unayemheshimu: mama yangu ni mwalimu, hunipigia simu kila Jumapili.

Mwenzake alimgusa goti. "Lakini mama yako alizikwa mwezi uliopita. Si useme alikuwa mwalimu?"

"Nimekariri hivi miezi sita. Nikianza kubadilisha, nitakwama. Na ukikwama wanakukata alama."

"Basi zungumzia mtu mwingine."

"Sina mwingine niliyemkariri."

Akaanza tena. Alipofika kwenye simu ya Jumapili, alikwama. Mwenzake akamshika mkono mpaka akamaliza sentensi.

Niliinama nikampa pole kwa Kiswahili. Alinishukuru, kisha akaniomba radhi kwa upole: asingependa kuendelea kuongea Kiswahili kabla ya mtihani, kisije kikamvurugia Kiingereza alichokariri.

Baadaye nilisikia kanisani kwamba alifaulu. Sasa yuko chuoni, na mwenzake anasema anakariri mihadhara neno kwa neno, ila mwalimu akimuuliza jambo hutazama dawati. Simlaumu, maana ndiyo njia iliyomfungulia mlango. Nawaza tu siku atakapoketi kando ya kitanda cha mgonjwa anayetaka kujua kama atapona.