Jumamosi Tulizosoma Pamoja

Nyumbani nilikuwa mfamasia wa hospitali ya wilaya, upande wa milimani, na wauguzi walinipigia hodi kabla ya kuingia. Arlington, huku Marekani, nilikuwa msaidizi katika duka la dawa. Nilihesabu vidonge, nikabandika lebo, na mteja akiwa na swali nilimwita mfamasia, kijana aliyetoka chuoni juzi tu. Ili nirudi kwenye kazi yangu nilitakiwa kupita mitihani kadhaa. Ile ya dawa niliipita. Uliobaki ulikuwa mtihani wa kusema Kiingereza.

Nilidhani huo ndio mwepesi. Lakini hakukuwa na mtu wa kuongea naye. Unavaa hedifoni, kanda inakuuliza, unaijibu, kisha sauti yako inapelekwa kwa watu usiowajua wakupe alama. Nilianguka. Nikarudia, nikaanguka tena. Kwetu R na L ni kama pacha, hata mama yao huwachanganya. Kumbe kwa wale wasikilizaji kosa hilo lilikuwa kubwa.

Jumapili baada ya matokeo ya pili nilibaki kwenye kiti baada ya ibada yetu ya Kiswahili, nikilia. Aliyekuja kuketi karibu nami alikuwa Mmarekani mweusi, mama wa makamo, karani katika mahakama ya kaunti kule Upper Marlboro. Alijifunza Kiswahili chuoni ujanani, akakipenda, na alikuja kwetu ili akisikie. Alikisema kwa usafi hadi wanakwaya waliuma midomo wasicheke. Sisi tukisema “sasa”, yeye alisema “U hali gani?” Tulimwita Mwalimu.

“Njoo kwangu Jumamosi, dada yangu,” aliniambia nilipomweleza. “Mimi pia ninasoma.”

“Unasoma nini, Mwalimu?”

“Sheria. Usiniulize tangu lini.”

Nilikuja kujua. Alisomea sheria jioni, baada ya kazi, huku akilea wavulana wawili peke yake. Digrii aliipata. Mtihani wa uwakili ndio uliomkatalia, mwaka baada ya mwaka. Mawakili aliowapokelea faili dirishani, wengine aliwaona wakija mara ya kwanza na suti mpya, akawaelekeza chumba cha hakimu kiko wapi.

Basi kila Jumamosi nilitoka Columbia Heights nilikoishi, nikapanda basi na treni, naye akanichukua stesheni kwa gari lake. Jikoni kwake tuliwasha feni, akabandika sukuma na nyama iliyokaushwa kwa moshi, tukaanza. Nilisoma maswali yake ya sheria kwa sauti. Yeye alinisahihisha ulimi, kisha akajibu swali.

“Randlord,” nilisoma.

“Ulimi juu, nyuma ya meno. Tena.”

“Landlord.”

“Ahsante. Sasa huyo landlord, mwenye nyumba, hakutengeneza ngazi, mgeni ameanguka. Nani atalipa?” Akafumba macho, akajibu aya nzima bila kusita. Akikosea, alipiga meza kwa kiganja. Mara nyingi hakukosea. Nilimwona akijua, ndiyo maana sikuelewa kwa nini mtihani ulimkataa.

Tulifanya mitihani yetu majira yale yale ya joto. Majibu yangu yalitangulia: nimepita. Nilipompigia simu alipiga kelele hadi nikaondoa mkono wa simu sikioni, akaimba, akaniambia nimpigie mama yangu mara moja, gharama si kitu.

Ya kwake yalitoka majani yakianguka. Nilipiga simu hakupokea. Jumamosi nilipanda basi na treni, nikachukua teksi hadi kwake. Alinifungulia akiwa na gauni la nyumbani, saa za mchana.

“Wamekataa,” alisema.

“Utarudia Februari, Mwalimu. Nitakuja kila wiki.”

“Hapana.”

“Pengine zilibaki alama chache tu.”

“Dada, hizo alama chache nimezikosa tangu wanangu wakiwa shule ya msingi. Sasa mkubwa ana mtoto wake.”

Nikaokota neno lililokuwa karibu. Nilimwambia mvumilivu hula mbivu.

“Nalijua,” alisema kwa upole. “Niliandika insha juu ya methali hiyo, darasa la Kiswahili. Nilipewa alama zote.”

Halafu akaniomba nimsaidie kubeba vitabu. Tulivitoa jikoni, sebuleni, chini ya kitanda, tukavipakia kwenye buti la gari. Sikumuuliza anavipeleka wapi. Alinirudisha stesheni navyo nyuma, na kila kona tuliyokata vilihama kwa kishindo.

Nilipata leseni. Nilipewa koti jeupe na mshahara ambao karani wa mahakama hawezi kuuota. Nilimpigia Mwalimu mara kwa mara, akajibu kwa adabu, kwa ufupi, hadi nikaona namchosha. Ibadani hakuja tena.

Mwaka uliofuata akina mama wa kanisa waliniomba nizungumze na wasichana wetu, wale wanaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Nilisimama kwenye ukumbi wa chini, nikawaambia wasome, wasikate tamaa, mwanamke akishika elimu hakuna wa kumnyang'anya. Walipiga makofi. Nilichosema kilikuwa kweli, na nilipokuwa nikikisema nilijisikia mwongo.

Msichana mmoja akainua mkono. “Auntie, how many times did you fail?”

“Mara mbili.”

“And if you failed again?”

“Ningerudia.”

“And again?”

Mama mmoja alicheka, akamwambia akae chini, chai iko tayari. Viti vikaburutwa, watoto wakakimbilia mandazi. Msichana alibaki ananitazama, hakuwa na ujeuri wowote, alitaka tu kujua. Nilifungua kinywa. Kiingereza changu kilikuwa kimenyooka wakati huo, kila herufi mahali pake, lakini nilichosikia kichwani ni vitabu vya Mwalimu vikihama kwa kishindo kwenye buti.