Kiti Kilichoelekea Ukutani

Kwenye semina Morogoro tulifundishwa kwamba duara halina mkubwa wala mdogo. Nikarudi Kilosa kichwa kimenivimba. Kila Alhamisi, katika chumba cha nyuma cha kliniki ya afya ya akili ninakofanya kazi ya uuguzi, nilipanga viti saba. Wagonjwa waliketi wakitazamana, na anayeongea alitazamwa usoni. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yangu, na mimi nikishaweka sheria sina dogo.

Mfugaji mmoja wa Msowero alinishinda. Mkewe alifariki masika yaliyopita, na tangu hapo halali, anaongea peke yake machungani. Mlangoni tulisalimiana vizuri, akanipa hata habari za ndama wake. Akiingia kwenye duara anageuza kiti, anaukabili ukuta. Wiki ya pili nilikishika kile kiti nikakigeuza, naye amekikalia. Akainamisha kichwa, jasho linamtoka. Nikaandika kwenye faili: anajitenga, hana ushirikiano. Wiki ya tatu nikaandika vilevile, nikapigia mstari. Daktari aliamini maneno yangu, akaagiza achomwe sindano ya kutuliza akili, ile inayokaa mwilini mwezi mzima. Niliichoma mimi.

Katika duara hilohilo alikuwamo mama mtu mzima wa Magomeni ya hapahapa Kilosa, aliyeugua kwa huzuni baada ya kufiwa na binti. Alijifunika khanga mpaka puani. Nilidhani ana mafua. Siku hiyo ya sindano, wenzake walipoondoka, alibaki.

"Mwanangu, nimevumilia nimeshindwa," akaniambia. "Yule bwana ni mkwe wangu. Marehemu mkewe ndiye binti yangu. Wiki tatu unatukalisha uso kwa uso?"

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningesema mbele yake?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mume wangu mwenyewe, akisikia sauti ya mama yangu uani, hupitia mlango wa nyuma, nami humcheka. Kwa hiyo nilijua. Nilijua, nikaona semina inajua zaidi.

Mama akanieleza kinachomnyima usingizi. Binti yake alifia njiani, kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akipelekwa hospitali, na aliyekuwa naye ni mumewe peke yake. Mama alitaka kujua mwanawe alisema nini mwishoni. Kila aliyemtuma kwa mkwe alirudi na pole tu.

Alhamisi iliyofuata nilifunga shuka katikati ya chumba, wengine nikawaomba wasubiri nje. Mama akakaa upande huu, mkwe upande ule, nami penye pindo la shuka, nikiwaona wote wawili. Nilimshukuru Mungu kwamba mfugaji amekuja. Lakini alikuwa ameingia miguu imekakamaa, udenda ukimtoka.

"Shikamoo, mama," alijaribu kusema. Nilielewa kwa sababu nilijua ndiyo salamu.

"Marahaba, baba. Mwanangu alisema nini?"

Akafungua mdomo. Alikuwa tayari, nilimwona usoni alivyokuwa tayari. Akaongea kwa muda mrefu, ulimi mzito, umekaza, na hakuna neno hata moja lililoeleweka. Machozi yakamtoka. Mimi nilikaa pale nimeshika shuka, nikijua kwamba sindano ikishaingia haitolewi.

"Sijasikia, baba," mama akasema taratibu. "Rudia."