Nusu ya Kulia ya Karatasi

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hata sasa, arobaini ya dada yangu Somoe ikiwa haijafika, nikiikumbuka moyo hunienda mbio kwa furaha na kwa aibu. Ilikuwa enzi za ujamaa, hapa hapa Mtwara. Tulitoka Mpapura, mimi na Somoe, tukaajiriwa kiwanda cha korosho: yeye kubangua, mimi kufagia karakana.

Karakana ilikuwa na mhandisi, Ndugu Chikoti, aliyekuwa akiunda mashine ya kupasha chuma moto bila kuni wala mkaa. Koili, yaani bomba jembamba la shaba lililoviringishwa, inapitishwa umeme, na chuma kilichowekwa katikati kinaiva chenyewe! Lakini umeme ule huzaa sumaku, na sumaku ile haichagui. Madini yoyote ya karibu nayo huiva. Ndiyo maana koili ilizungushiwa ngao ya bati la shaba, na kabla ya kuwasha ilitupasa kujua ni nguvu kiasi gani itakayovuja nje.

Kompyuta hatukuwa nayo. Tulikuwa na karatasi ya miraba, tukachora juu yake koili na ngao yake. Ndugu Chikoti akanifundisha, mimi wa darasa la saba: kila mraba una namba yake ya nguvu ya sumaku mahali pale, nayo ni wastani wa majirani zake wanne. Unajumlisha, unagawa kwa nne, unahamia mwingine. Ukimaliza unaanza upya, mpaka namba zitulie. Zilipoanza kutulia, mwanangu, niliona kama nautazama umeme kwa macho!

Nusu ya kushoto ilinichukua siku tisa. Nikaitazama ya kulia, nikaona zimefanana kama mapacha. Nikanakili. Kulia ngao ilikuwa na ufa wa kupitishia mipira ya maji ya kupozea koili. Niliuona, sikudanganyi. Nikajiambia, ufa wa vidole viwili utapitisha nini? Wahenga walikwisha sema njia ya mwongo ni fupi, ila mimi niliufurahia ufupi wake.

Ndugu Chikoti akanipa mkono mbele ya mafundi wote.

"Huyu tumpeleke chuo kikuu!"

"Kwanza ajue kufunga kamba za viatu," fundi mmoja akadakia, tukacheka.

Asubuhi ya kuwasha akaingia Somoe. Kumbe ndiye aliyechaguliwa kuiendesha mashine. Akasimama kulia, karibu na ule ufa, na mkononi ana bangili ya shaba aliyovishwa na bibi utotoni, haivuki tena kiganja.

"Hesabu kapiga kaka yangu? Basi hata mkiniambia niikalie, naikalia!"

Ndugu Chikoti akashika swichi.

"Msiwashe!" nikapiga kelele. "Kulia sikuhesabu. Nilinakili."

Ndugu Chikoti hakufoka.

"Kwa nini?"

"Nilichoka. Tena nilitaka sifa."

"Karatasi haioni haya, kijana. Inabeba lolote. Kaa, hesabu."

Somoe akavuta kiti. "Nakujumlishia mimi. Wewe ukiachwa peke yako unasinzia."

Siku nne tulihesabu. Kwenye ufa namba zilivimba, zikamwagika nje mpaka pale pale alipokuwa amesimama Somoe. Mafundi wakauvika ule ufa bomba la shaba, tukahesabu tena, zikashuka. Swichi ikawashwa. Pete ya chuma ikawa nyekundu kama embe bivu, bila moshi, bila ndimi za moto! Somoe akagusa bangili yake, akaruka: "Baridi! Baridi kama mtungi!" Tulishangilia mpaka wabanguaji wakaacha korosho wakaja kuchungulia.

Basi, mwanangu, nami sina elimu ya kukuzidi. Namba usiyoihesabu usiiandike. Na kama umekwisha kuiandika, iseme mapema, hata mbele ya waliokupigia makofi, kwa sababu upande uliouruka kuna mtu atasimama. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri kosa, akujalie ndugu wa kuvuta kiti akae nawe, naye Somoe ampumzishe pema. Amina.